Mpira wa Nini?

Maneno mengine ukiyatamka peke yake yanasimama. Sema "kisu", utaletewa kisu. Sema "mpira", papo hapo utaulizwa: mpira wa nini? Mimi ni binti wa fundi baiskeli, nilicheza mpira wa pete mpaka magoti yakagoma, na sasa ni mkunga, kazi ambayo zamu haiishi bila kushika mpira wa aina fulani. Swali hilo nimeulizwa na nimeliuliza kuliko swali lingine lolote, ukiacha "uchungu umeanza saa ngapi?"

Vitabu vya watoto vya kujifunzia kusoma vinatupotosha kidogo hapa. Kwenye ukurasa wa herufi M huchorwa kitu cha duara chenye mabaka meusi na meupe, basi mtoto anakua akijua kwamba mpira ni kitu cha mviringo. Halafu siku moja anatumwa: "Kafunge maji, mpira unamwaga." Anatoka uani, anakuta kitu kirefu, chembamba, cha kijani, kimejilaza kwenye matope. Hakuna mtu anayemweleza chochote. Anafunga maji, anarudi ndani, na tangu siku hiyo anajua kwamba mpira una ndugu.

Umbo si hoja. Neno lenyewe linaanzia kwenye utomvu. Mpira ni mti au mtambaa wenye utomvu mweupe mzito. Ni utomvu huo ukishaganda. Kisha ni karibu kila kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo. Kile cha kuchezea kimo humo humo, mmoja kati ya wengi, ila ndicho chenye kelele kuliko vyote, na mwenye kelele ndiye anayechorwa vitabuni.

Kwa baba yangu mpira ulikuwa na maana moja tu. Tairi ni tairi. Cha ndani, chenye upepo, ndicho mpira. Mtu akija anasukuma baiskeli, baba anauliza kabla hata ya salamu kuisha: "Tairi au mpira?" Ukiwa mpira, analitoa tairi pembeni kwa mpini wa kijiko, anauchomoa mpira wote, anaujaza upepo, kisha anauzamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, akiuminya kidogo na kuuzungusha, mpaka vipovu vianze kupanda. Akiviona anabana kidole pale pale, anaufuta, anaweka alama. Msasa unafuata. Anasugua mpaka ule weusi unaong'aa ugeuke kijivu. Anapaka solusheni, na hapa ndipo wateja wenye haraka walipokuwa wakigombana naye, kwa sababu habandiki kiraka hapo hapo. Anaiacha solusheni ikauke mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isikunate. Kiraka kilikatwa kwenye mpira mkuukuu, na hakuna hata kimoja kilichotoka mkononi mwake kikiwa na pembe. Kiraka chenye pembe huanza kubanduka penye pembe. Alikuwa anazikata pembe hizo huku anaongea mambo mengine kabisa, mkasi unajiendea wenyewe.

Mpira uliokwisha viraka haukutupwa. Ulichanwa ukawa kamba za kufungia mizigo kwenye keria, ukawa bawaba za mabanda ya kuku, na sehemu nzuri, ile isiyo na nyufa, wavulana waliinyemelea kwa ajili ya manati. Mimi pia nilikuwa na manati, lakini hilo tuliache.

Kabla ya baiskeli, mpira wa pwani yetu ulikuwa porini. Ni mtambaa unaokwea miti mingine. Wataalamu wa mimea wanauita Landolphia. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 utomvu wake ulikuwa bidhaa kubwa iliyosafirishwa kutoka Afrika Mashariki, sambamba na pembe za ndovu na sandarusi. Mchumaji alikuwa anachanja gome, utomvu unachuruzika, unaganda haraka, anauvuta ukiwa nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo anaziviringisha mpaka ziwe donge. Madonge hayo ndiyo yaliyoshuka pwani yakipimwa kwenye mizani. Kwa hiyo mpira ulifika sokoni ukiwa wa mviringo tayari, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuupiga teke. Mimi jambo hili linanifurahisha kuliko inavyostahili. Tunadhani utomvu na mviringo vilikutana uwanjani, kumbe vilikutana mikononi mwa mchumaji.

Wajerumani wakaja na mti mwingine kutoka Brazili, Manihot glaziovii, ndugu wa damu wa muhogo, wakaupanda kwa wingi hasa upande wa Tanga. Nao ukaitwa mpira. Lakini Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alikuwa ameshachukua mbegu za mti bora zaidi huko huko Brazili mwaka 1876, na miche iliyotokana nazo ikaenda kustawi Asia. Mashamba ya Asia yalipoanza kutoa mpira kwa wingi, bei duniani ikaporomoka mwaka 1913 na mashamba ya kwetu yakafa nayo. Miti ilibaki. Majani yake yanapikwa kama ya muhogo, na ndiyo maana mtu anaweza kukuambia bila kutania kwamba leo mboga ni kisamvu cha mpira. Ukitafsiri neno kwa neno utakufa njaa.

Mbali zaidi ya hapo, Mexico, wachimbuaji walikuta kwenye kinamasi cha El Manatí mipira migumu ya utomvu ulioviringishwa, ya takriban miaka 1600 kabla ya Kristo. Watu wa eneo lile tunawaita Olmec, jina ambalo kwa lugha ya Kinahuatl linamaanisha watu wa nchi ya mpira. Taifa zima limebeba jina la utomvu. Wao waliuchezea kweli, kwa nyonga na si kwa miguu.

Ulaya haikuwa na utomvu huo, kwa hiyo walichezea kibofu. Namaanisha kibofu cha mkojo, cha nguruwe au cha ng'ombe, kilichopulizwa kwa mdomo, kikafungwa na kuvishwa ngozi. Umbo lake lilitegemea mnyama mwenyewe. Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba utomvu ukipashwa moto pamoja na salfa hauyeyuki kwenye joto wala haupasuki kwenye baridi, ikawezekana kutengeneza kibofu cha mpira, na nguruwe wakapumzika. Watangazaji wetu bado wanauita mpira gozi la ng'ombe. Ngozi yenyewe siku hizi ni plastiki, ila ng'ombe amebaki kwenye maikrofoni.

Na hayo mabaka ya kwenye kitabu cha watoto yana tarehe. Ni ya Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico: vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita, ili mtazamaji mwenye televisheni isiyo na rangi auone mpira ukikimbia. Televisheni zimebadilika, mipira yenyewe imebadilika vipande na rangi mara nyingi, lakini ukimwambia mtu yeyote achore mpira atakuchorea ule wa 1970. Tena vipande hivyo vikiunganishwa bila upepo havitoi mviringo kamili. Vinatoa umbo la pembe pembe. Ni upepo unaouviringisha.

Sheria ya 2 ya mchezo inataka mpira uwe wa mviringo, mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, uwe umetengenezwa kwa kitu kinachofaa. Kinachofaa, basi. Sheria haikutaja mpira. Kwa hiyo yale matambara tuliyoyasokota ndani ya soksi, tukaongeza mifuko ya nailoni, tukavisha kamba kwa mafundo madogo madogo mpaka ukawa mzito kiasi cha kuumiza kidole gumba, hayakuwa mbali na sheria kama walimu walivyodhani. Hakukuwa na hata tone la utomvu ndani yake, lakini hakuna aliyeuita kitu kingine zaidi ya mpira. Haukudunda. Ulisimama pale ulipoangukia, na ukimpigia mtu pasi ilibidi umpigie hasa.

Ndiyo maana aliyekuwa na mpira wa dukani alikuwa na mamlaka. Mwenye mpira hakai benchi hata kama hajui kucheza. Akipigwa buti au akikataliwa goli lake, anaokota kilicho chake, anakibana, anaondoka, na mchezo umekwisha kwa wote. Kutoka hapo tumepata kutia mpira kwapani, na leo utausoma msemo huo magazetini kuhusu timu kubwa zilizogoma kuendelea na mechi, au mkandarasi aliyesimamisha kazi. Watu wazima hawako mbali na hilo. Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, Montevideo, tarehe 30 Julai 1930, Argentina na Uruguay walibishana mpira wa nani utumike. Ikaamuliwa nusu kwa nusu. Kipindi cha kwanza kikachezwa na wa Argentina, Argentina wakaongoza 2-1. Cha pili kikachezwa na wa Uruguay, mechi ikaisha 4-2 kwa Uruguay. Kila mtu na mpira wake.

Sasa njoo wodini, maana hapa ndipo neno hili linapofanya kazi za usiku na mchana.

Kuna mpira wa oksijeni, ule wa matundu mawili puani. Kuna mpira wa dripu. Kuna mpira wa kulishia, unaopita puani kwenda tumboni. Kuna mpira wa kutandika chini ya shuka ili godoro lisilowe. Kuna mipira ya mikono. Na kuna mpira wa mkojo, ambao nataka niuongelee kidogo, kwa sababu watu wanauogopa pasipo sababu na kwa sababu una jambo moja zuri sana.

Swali la kwanza la mgonjwa au ndugu zake ni kwamba hautachomoka? Na ukiuangalia ni kweli, ni bomba laini tu, halina plasta, halina uzi. Siri iko kwenye ncha. Mkojo ukishaanza kushuka ndani ya mpira, unausukuma mbele kidogo zaidi, halafu unachukua bomba la sindano lenye maji yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10, unayapitisha taratibu kwenye kijia cha pembeni. Kule ndani, ambako huoni, kipira kidogo kinavimba. Unauvuta mpira polepole mpaka uhisi umekwama, na hapo umeshakaa. Siku ya kuutoa unanyonya kwanza yale maji yote, kipira kinasinyaa, unatoka. Ndiyo sababu tunawasihi wagonjwa wasiuvute wenyewe. Muundo huu unaitwa kwa jina la daktari Mmarekani, Frederic Foley, aliyeufanyia kazi miaka ya 1930.

Zamani basi mpira ulikuwa na kibofu ndani yake. Sisi tunaweka mpira ndani ya kibofu. Nilipoligundua hilo nilimwambia mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimekula.

Tulikuwa na babu mmoja kitanda cha dirishani, mpira wa mkojo umemwingia siku kadhaa, kiredio kidogo hakitoki sikioni. Mwanafunzi wa uuguzi, binti mwenye adabu nyingi, akamfuata na faili lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Mpira unaendeleaje?"

"Sare. Ila tunaelemewa."

Binti akaandika kitu. Nilitamani sana kuliona lile faili, nikajizuia.

Mipira ya mikono ina habari yake. Kwa umoja, mpira wa mikono ni mchezo, wale wanaorusha kwa mkono golini. Kwa wingi, mipira ya mikono ni glavu. Kiambishi kimoja kinakuhamisha kutoka uwanjani hadi chumba cha upasuaji. Na glavu za upasuaji hazikuanza kwa ajili ya kumkinga mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kwenye hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa anaharibika ngozi ya mikono kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Daktari wake mpasuaji, William Halsted, akaagiza kiwandani mipira myembamba ya kumtosha. Mwaka 1890 wakaoana. Sisi wauguzi tunapenda kusimulia sehemu ya ndoa. Mimi napenda zaidi kwamba ni mikono ya muuguzi iliyofikiriwa kwanza.

Leo glavu nyingi hazina utomvu, kwa sababu kuna watu miili yao inaukataa. Hili si la mzaha: mzio wa mpira unaweza kumfunga mtu pumzi katikati ya upasuaji. Kwa hiyo inabidi tuulize, na swali lenyewe linaleta shida. Ukimuuliza mtu "una tatizo na mpira?" atakujibu chochote kinachomjia. Mimi nauliza hivi: ukivaa glavu, au ukipuliza puto, ngozi inakuwasha, midomo inavimba, kifua kinabana? Hapo unapata jibu la kweli. Naomba wenzangu mlichukue hili, halina gharama.

Mpira wa mkojo nao siku hizi mara nyingi ni silikoni, hasa ukitakiwa kukaa muda mrefu. Bado ni mpira. Wa oksijeni ni plastiki tupu. Ni mpira. Wa kutandika ni nailoni nzito. Ni mpira huo huo. Neno limeutoroka utomvu wodini kama lilivyoutoroka kwenye soksi zetu za matambara. Ukitaka maoni yangu, siku hizi kitu kikipindika bila kuvunjika, au kikivutwa kikarudi, au kikipigwa teke kikakubali, kinastahili jina hilo. Ndiyo maana hata sketi isiyo na zipu ina mpira kiunoni.

Umebaki mmoja ambao hautajwi kwa sauti. Kwenye mabango ya afya uliandikwa wazi, "mipira ya kiume" na "mipira ya kike", na vijana sasa wanasema kondomu bila kupepesa macho, lakini wakubwa bado wanasema mpira na kunyamaza. Hapa ndipo mahali pekee ambapo mimi siulizi wa nini. Mtu akiingia, akageuka kuuangalia mlango, akasogea mezani na kusema chini kwa chini "nesi, naomba mpira", nafungua droo. Kumuuliza "wa nini?" ni kumfukuza.

Nje ya wodi neno limepanda cheo likawa jina la tukio zima. Mpira unaanza saa kumi. Mpira ni mapumziko. Mpira umekwisha moja bila. Hapo hakuna anayezungumzia kitu cha gramu 450; kile kitu chenyewe kipo mikononi mwa mwamuzi, kizima kabisa, lakini mpira umekwisha. Mdogo wangu ni mtu wa mpira, maana yake si kwamba amewahi kuugusa. Tunasema "mpira wetu umekua" na "mpira wetu una siasa", kama tunavyosema elimu yetu, kilimo chetu. Michezo mingine yote lazima itaje ukoo wake: wa pete, wa kikapu, wa wavu, wa magongo. Wa miguu ukitajwa jina kamili, ujue unasoma barua ya shirikisho.

Hili la mwisho linanikera, lazima niseme. Nimecheza mpira wa pete miaka mingi. Mpira wake ni wa ukubwa karibu ule ule wa wa miguu. Huruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, huruhusiwi kukimbia nao, kila mtu ana eneo lake lisilovukwa; ni mchezo wa kufikiri haraka kuliko ninavyoona wengi wakifikiri kwenye televisheni. Lakini nikisema "nilikuwa nacheza mpira", mtu anacheka, anasema "aa, ule wa pete." Ule wa pete, ndiyo.

Uwanja umetulisha misemo mingine mingi ambayo haina hata neno mpira ndani, ila unausikia ukidunda. Mtu aliyezungushwa ofisi hadi ofisi amepigwa danadana. Nimewaona ndugu wa mgonjwa wakipigwa danadana: dirisha la malipo linasema waende maabara, maabara inasema warudi dirishani, kila upande unautupa mpira kwa mwenzake na karatasi yenyewe inazidi kuchakaa mkononi mwa mama wa watu. Danadana ya uwanjani ni ufundi. Mchezaji anauzuia mpira usiguse chini kwa raha zake. Ya maofisini nayo ni vile vile, mpira haugusi chini, ila anayepigwa juu juu ni wewe.

Kuhusu watangazaji nina neno. Kandanda, kabumbu, soka, dimba, gozi: mnaupamba mchezo na mimi nafurahia, redio bila mbwembwe ni taarifa ya hali ya hewa. Lakini mkianza "mpira ule", "mpira huu", "mpira huo" ndani ya sentensi moja bila kutaja mchezaji, sisi tunaosikiliza huku tunapima mapigo ya moyo ya mtoto tumboni hatujui uko upande gani. Taja jina la mtu.

Sasa, neno la Kiswahili la mviringo wenyewe, mviringo wa pande zote, lipo. Ni tufe. Linafundishwa kwenye hisabati, ujazo wake ni theluthi nne za pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha tatu, na baada ya mtihani linaachwa darasani. Riadha ndiyo imelitunza: kurusha tufe, kilo 7.26 kwa wanaume na 4 kwa wanawake, chuma kitupu. Lirushe lisukume, halidundi, halirudi. Pengine ndiyo sababu halikupendwa. Ila mtoto wake mdogo, kitufe, amefanikiwa kuliko mzazi. Bonyeza kitufe cha kijani, bonyeza kitufe cha nyota; yuko kwenye kila simu, kila lifti, kila mashine ya wodini, na hata si mviringo tena, wengi wao ni vipande bapa kwenye kioo. Kwa hiyo tuna neno la mviringo linalotumika kwa visivyo mviringo, na neno la utomvu linalotumika kwa kila mviringo, na bado tunaelewana.

Karibu tunaelewana. Akina mama wanaojiandaa kujifungua hupewa orodha ya kubeba, na iliyokuwa imebandikwa ukutani kwetu ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "mpira", mwingine chini yake "mipira". Aliyeandika alikuwa anaelewa. Wakunga wote tulikuwa tunaelewa. Lakini wanaotumwa dukani ni waume, wadogo zao, na wifi waliofika jana kutoka safari, na kila mmoja alikuwa anarudi kuuliza lile lile swali, wengine wakiwa wameshavuka mji. Mwezi uliopita niliibandua, nikaandika upya kwa kalamu nene: mpira wa kutandika wakati wa kujifungua, mita mbili; mipira ya mikono, yaani glavu; nyembe mpya; pamba; kanga safi. Nikaibandika mahali pale pale.

Jioni ile akaja kijana, mke wake amelazwa anasubiri, akaisoma yote kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akageuka.

"Dada, hizi glavu, ni za mpira?"

Nikamwambia zozote atakazopata.

"Na huu mpira wa kutandika, ni wa plastiki?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi yake, akaondoka mbio.